Kuku wanapekua mchicha, mbolea inaunguza matembele: nichague kipi?

*Swali:* Shikamoo mtaalamu. Naishi Kibada, Kigamboni. Nyuma ya nyumba nina eneo la kama mita 10 kwa 15, nimepanda mchicha, matembele na bamia. Nina pia kuku 15 machotara, niliwanunua vifaranga mwezi wa nne mwaka jana. Mchana wanazurura na kupekua kila ninachopanda. Mbolea yao naitoa bandani naimwaga kwenye matuta, lakini matembele yanakauka kingo za majani na mchicha umedumaa. Mayai nayo yamepungua: Novemba nilikuwa naokota 10 kwa siku, sasa hivi Februari ni 4 au 5, na maganda ni laini, mengine yanapasukia kwenye kiota. Chakula kilipopanda bei niliwahamishia kwenye pumba na makombo. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Mume wangu ananiambia nichague kimoja, bustani au kuku. Nichague kipi? Na je, nitafute jogoo ili mayai yaongezeke?

*Jibu:* Marahaba dada yangu. Usichague. Mfikishie shemeji salamu, umwambie kwamba vyote viwili vinakaa vizuri kwenye mita 10 kwa 15, ila visikutane ana kwa ana. Kuku awe na uwanja wake, mboga ziwe na matuta yake, na katikati pawe na lundo la mboji. Kila kinachotoka kwa kuku kipite kwenye lundo hilo kwanza. Ukiliweka sawa lundo, mengi uliyoyaeleza yatajirekebisha.

Lakini naanza na maji, maana umeyataja mwishoni kama jambo dogo, na mimi naona ndiyo yanayokuumiza pande zote mbili. Ukanda wetu wa pwani una visima vingi vyenye chumvi, kwa sababu maji ya bahari hujipenyeza chini ya ardhi, hasa pale maji yanapovutwa kwa wingi. Kinyesi cha kuku nacho kina chumvi nyingi, na naitrojeni yake inazidi kwa mbali ile ya samadi ya ng'ombe. Kwa hiyo tuta lako linapokea chumvi mara mbili, ya kisimani na ya bandani. Chumvi ikizidi kwenye udongo, mzizi unashindwa kuvuta maji hata kama tuta limelowa, na wa kwanza kuathirika ni ukingo wa jani, kwa kuwa ndiko maji yanakofika mwisho. Hapo hapo mbolea mbichi inatoa amonia, ile harufu inayokuchoma macho ukifungua banda asubuhi, nayo inaunguza vijizizi vichanga. Inama uangalie tuta lililokauka vizuri mchana. Ukiona utando mweupe juu ya udongo au pembeni mwa tuta, hiyo ni chumvi.

Peleka chupa ya maji ya kisima yakapimwe. Ulimi haufai kwa kazi hii, unazoea. Kipimo kinaitwa EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikiwa nyingi, namba inapanda. Chini ya desisiemensi 0.7 kwa mita, maji hayana tatizo kwa mboga. Kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalifu. Yakivuka 3, mboga nyingi zitakusumbua hata ufanyeje. Nadhani yako yako katikati, kwa sababu mchicha bado unaota.

Kwa maji ya katikati, dawa ni namna ya kumwagilia. Wengi wetu tunanyunyiza kidogo asubuhi na kidogo jioni, juu juu. Maji hayo yanakauka, chumvi inabaki, na kesho unaongeza nyingine. Mwagilia kwa kushibisha, maji yazame chini ya mizizi na kuisukuma chumvi iende nayo. Mchanga wa Kigamboni unapitisha maji haraka, na katika hili unakusaidia. Mwaga kwenye shina, usirushe juu ya majani. Tandaza majani makavu juu ya tuta ili jua lisivute maji juu. Na masika ndiyo hayo yanakuja mwezi wa tatu. Mvua kubwa za Aprili zitaosha matuta yako bure, kwa hiyo leo komba ile mbolea mbichi iliyo juu uirudishe kwenye lundo, kisha iache mvua ifanye kazi. Weka na mfereji kwenye paa. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 10 linakupa karibu lita 400, hata ukitoa zinazopotea.

Chagua pia mboga kulingana na maji. Spinachi inavumilia chumvi vizuri kuliko karibu mboga zote za majani tunazokula. Kunde na mchicha zinajitahidi. Matembele na bamia ni dhaifu kidogo, zipe matuta yanayopata maji ya mvua. Maharage, karoti na vitunguu usijisumbue navyo kwa kisima hicho.

Sasa lundo. Kuku mmoja anatoa gramu 100 na zaidi za kinyesi kibichi kwa siku, kwa hiyo kuku 15 wanakupa zaidi ya kilo 45 kwa mwezi. Huo ni utajiri kwa mtu mwenye udongo wa mchanga, maana mchanga haushiki maji wala virutubisho, na kinachousaidia zaidi ni mboji. Najua watu wanaonunua magari ya udongo mweusi kila mwaka, huku wanafagia majani ya mwembe kila asubuhi na kuyachoma moto. Inaniuma sana kuona moshi ule mitaani. Majani hayo ndiyo nusu ya mboji inayokosekana.

Tafuta kona yenye kivuli, mbali na kisima. Lundo liwe na urefu, upana na kimo cha mita 1 hivi; likiwa dogo sana halipati joto. Anza na vijiti na mabua chini ili hewa ipite. Kisha weka tabaka nene la vitu vikavu: majani uliyofagia, maranda ya bandani, nyasi zilizokauka. Juu yake tabaka jembamba la kinyesi, ndoo moja kwa kila ndoo mbili au tatu za vikavu. Nyunyiza maji, rudia hadi juu. Majani ya mwembe ni magumu, yakatekate kwa panga kwanza, la sivyo utayakuta yaleyale mwezi wa sita. Unyevu upime kwa mkono: shika konzi moja ukamue, iwe kama machicha ya nazi yaliyokwisha kukamuliwa, kiganja kinalowa lakini hakuna kinachodondoka.

Baada ya siku tatu nne, chomeka nondo au kipande cha chuma katikati ya lundo. Kiache dakika kumi, kichomoe ukishike. Kikikuunguza kiasi cha kukiachia, lundo linafanya kazi. Joto la nyuzi 55 kwenda juu ndilo linaloua mbegu za magugu na vijidudu kama salmonela. Kikiwa cha uvuguvugu tu, ama pakavu ama vikavu vimezidi. Likinuka amonia, kinyesi kimezidi, ongeza majani. Geuza kila wiki kwa mwezi wa kwanza, cha nje kiingie ndani, kisha liache litulie. Kwa joto letu, miezi miwili hadi mitatu inatosha. Mboji iliyoiva ni nyeusi, inavunjika vunjika mkononi, na inanuka udongo baada ya mvua. Ikiwa bado unatambua kinyesi ni kinyesi, subiri. Kwa tuta la mita 1 kwa 4, ndoo ya lita 20 inatosha kila unapopanda upya. Usizidishe kwa sababu tu ipo, ukikumbuka habari ya chumvi.

Anza lundo la pili mara la kwanza likijaa. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuongeza kinyesi kipya juu ya lundo lililokwisha kuiva, basi haliivi milele.

Nije kwenye mayai. Kabla hujalaumu chakula, wafungie kuku siku tatu uhesabu. Kuku anayezurura hutaga kichakani, chini ya mabanzi, nyuma ya tangi, na unaweza kukuta mayai hayajapungua kiasi hicho. Lakini maganda laini yananiambia tatizo lipo kweli. Ganda la yai moja lina kama gramu 2 za kalsiamu, na kuku anayetaga anahitaji karibu gramu 4 kwenye chakula kila siku, kwa sababu si yote anayoila inayoingia mwilini. Pumba ya mahindi karibu haina kalsiamu. Kuku wako anaichota kwenye mifupa yake mwenyewe ili atage, na akichoka anaacha. Protini nayo ni hivyo hivyo: anayetaga anataka chakula chenye asilimia 16 hadi 17, pumba peke yake haifiki hapo. Maji ya chumvi yanaongeza tatizo, yanaharisha na yanafanya ganda kuwa jembamba. Na hii ni Februari, joto la Dar linapita nyuzi 32, kuku anahema mdomo wazi, anakunywa sana na kula kidogo.

Hapa kuna habari njema. Kuku 15 kwenye joto kali hawamalizi lita 8 za maji kwa siku. Hata kama maji ya bomba ya DAWASA hayajafika kwenu na unanunua kwa dumu, dumu moja la lita 20 linawatosha zaidi ya siku mbili. Kisima kiachie bustani, maji baridi yasiyo na chumvi wape kuku. Weka kinyweshea kivulini na ubadilishe maji saa sita mchana, maana maji yaliyopata moto hawayataki.

Chakula: kuku mmoja anayetaga anakula gramu 110 hadi 130 kwa siku. Kwa kuku 15 ni kilo 1.8 hivi, mfuko wa kilo 50 unakwenda karibu wiki nne. Piga hesabu hiyo ulinganishe na mayai. Kuku anayekula pumba peke yake anaonekana wa bei rahisi, kumbe ndiye anayekula bure. Rudi kwenye chakula cha kuku wa mayai kama msingi, kisha punguza gharama kwa majani: mchicha uliokomaa mno, majani ya mlonge, magugu ya bustanini. Yafunge kifurushi kwa kamba uning'inize usawa wa vichwa vyao. Watadonoa siku nzima bila kuyakanyaga, na kiini cha yai kitakuwa cha njano iliyokolea ndani ya wiki mbili.

Weka chombo cha pembeni chenye chokaa ya mifugo iliyosagwa, waichague wenyewe. Chokaa ya kupakia ukuta usiwape kabisa. Maganda ya mayai pia yanafaa, yachemshe, yaanike, yasage hadi yasitambulike. Makombo wape kidogo, yasiyo na chumvi nyingi. Ukoko wa ugali uliolala ukaota ukungu utupe kwenye lundo. Ukungu wa nafaka una sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kwa kuku inaharibu ini na kushusha utagaji. Pumba nayo inuse kabla ya kununua: ikinuka uvundo au ikiwa na mabonge, iache dukani.

Uzio sasa. Kuku kupekua ni tabia yake, humfundishi, unamwekea mpaka. Tenga kona ya mita 3 kwa 5, zungushia wavu wa kimo cha mita 1.8, na ukiona bado wanaruka, punguza manyoya marefu ya bawa moja tu, akose mizani. Ndani yake liwe banda la mita 2 kwa 2, kiasi cha kuku wanne kwa mita ya mraba. Refu lake lielekee mashariki na magharibi ili jua la asubuhi na jioni lisiingie ndani, ukuta ufike magotini na juu uwe wavu, upepo wa kaskazi na wa kusi upite. Kama umeezeka bati, weka makuti juu yake. Utaona tofauti mchana uleule. Maranda sakafuni yawe na kina cha sentimita 8 hadi 10, yageuze kila siku chache, toa yanayolowa karibu na kinyweshea. Maranda makavu hayanuki, na jirani hatakuwa na la kusema. Ukiyatoa, yanakwenda lundoni.

Kuna wakati mmoja tu kuku anaruhusiwa kuingia bustanini: tuta likishavunwa na kabla halijapandwa. Zungushia wavu mdogo wa kuhamishika, waingie kuku watatu au wanne kwa siku mbili. Watakula funza, mayai ya panzi na mbegu za magugu, na kukuchimbulia udongo. Tuta hilo likae wiki mbili tatu, kisha lipande mboga ya kupika. Nyanya na giligilani za kachumbari zipeleke kwenye tuta lililopata mboji iliyoiva tu.

Kwa upande wa kupanda sitaongea mengi, wewe mwenyewe umeshaanza. Masika inua matuta sentimita 20 ili mizizi isizame; kiangazi fanya kinyume, tuta liwe chini ya usawa wa njia ili maji yasikimbie. Mchicha sia tuta moja kila wiki mbili badala ya yote kwa pamoja, unavunwa baada ya wiki tatu hadi nne. Changanya mbegu na mchanga mkavu zisirundikane. Nyanya zisubiri: sia kitalu Mei, zizae kipupwe, maana za masika zinaoza kwa ukungu. Na bamia usiirudie mahali pamoja wala usiifuatishe na nyanya au bilinganya. Mchanga wetu una minyoo fundo. Ng'oa shina moja la bamia iliyodumaa utazame mizizi, ukiona vinundu vinundu ndiyo yenyewe.

Naomba usiiache bustani hata kama mchicha ni rahisi sokoni. Watafiti wamekuta madini mazito, risasi ikiwemo, kwenye mboga zinazomwagiliwa maji ya bonde la Msimbazi. Mboga ya nyuma ya nyumba unajua imekunywa nini.

Chanjo hujaitaja, na hapo ndipo watu wanapolia. Mdondo, wengine tunauita kideri, unaweza kumaliza kuku wote 15 ndani ya wiki: kinyesi cha kijani, shingo inapinda, vifo mfululizo. Hauna tiba. Kuna chanjo ya I-2 inayotengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Ni tone moja jichoni kwa kila kuku, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Uzuri wake inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ingawa bado inatakiwa ibebwe kwenye ubaridi na isipigwe jua. Chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo panga siku moja na majirani mchangiane. Hiyo ni kinga zaidi ya kuokoa pesa, kwa sababu ugonjwa unaingia kwako kupitia kuku wa jirani asiyechanjwa. Ndui nayo inaenezwa na mbu, chanja kabla ya masika, kwa kuchoma kwenye ngozi ya bawa. Afisa mifugo wa kata atakusaidia yote mawili, na ndiye wa kumuuliza sheria ndogo za manispaa kuhusu ufugaji kabla hujaongeza idadi. Dawa ya minyoo wape kila miezi mitatu. Ukitumia dawa yoyote, hasa antibayotiki, soma siku za kusubiri kwenye lebo, na mayai ya siku hizo usile wala usiuze.

Kuhusu jogoo: hapana, mayai hayataongezeka. Kuku jike anataga awe na jogoo au asiwe naye. Jogoo anahitajika ukitaka vifaranga, na kwa majike 15 mmoja au wawili wanatosha, ukikumbuka anawika saa kumi alfajiri na majirani wako karibu. Machotara wengi hawaatamii vizuri, kwa hiyo tafuta tetea mmoja wa kienyeji, mwekee mayai 10 hadi 12 yasiyozidi siku saba tangu yatagwe, na siku ya 21 yataanguliwa. Vifaranga usiwatoe nje bila wavu juu. Kunguru hawa wa India, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 kula taka na sasa wamejaa Dar nzima, wanamwona kifaranga kutoka juu ya mnazi na wanashuka wawili wawili: mmoja anamghasi mama, mwingine anabeba. Wavu wa matundu madogo, juu na pembeni, hadi wafikishe miezi miwili.